Tai wa Vichwa Viwili: Usomaji wa Nembo za Dola Takatifu la Kirumi

Ikisiri

Makala haya yanachunguza nembo za makaisari na nchi wanachama wa Dola Takatifu la Kirumi, dola lililodumu katika Ulaya ya Kati kuanzia mwaka 962 hadi 1806. Tunashikilia kwamba nembo hizo ni matini yenye sarufi yake, na kwamba anayeimudu sarufi hiyo hukutana na swali ambalo dola hilo halikulijibu kikamilifu hadi lilipokufa: je, dola ni mali ya cheo, au ni mali ya ukoo wa yule anayekishikilia cheo?

Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi amezoea kuitafuta maana katika maneno. Hata hivyo, jamii nyingi zimeandika pia kwa rangi, kwa wanyama na kwa mpangilio wa vitu katika nafasi. Msomaji wa leso analifahamu jambo hili vyema: leso ina pindo, ina mji na ina jina, na kila sehemu ina kazi yake. Wanasemiotiki, wakimfuata Ferdinand de Saussure, hutukumbusha kwamba ishara ina kiashiria na kiashiriwa, na kwamba uhusiano baina ya viwili hivi hutokana na makubaliano ya jamii. Nembo za Ulaya ni uwanja mzuri wa kulipima dai hili, kwa sababu makubaliano yake yalikuwa bayana na yaliheshimiwa kwa karne nyingi.

Dola Takatifu la Kirumi halikuwa nchi moja kama tuzijuavyo nchi za leo. Otto I alitawazwa na Papa mjini Roma mwaka 962, akizifuata nyayo za Karolo Mkuu aliyetawazwa mwaka 800. Chini ya kaisari kulikuwa na wafalme, watemi, maaskofu, makabaila na miji, na baada ya Amani ya Westfalia ya mwaka 1648 idadi ya himaya hizo ilikuwa takriban 300. Kisheria kaisari hakurithi cheo, alichaguliwa. Pamoja na hayo, wote waliochaguliwa kuanzia mwaka 1438 hadi mwaka 1740 walitoka katika ukoo mmoja, ukoo wa Habsburg. Mvutano huu baina ya uchaguzi na urithi ndio unaozipa nembo za dola hilo uzito wake.

Sarufi ya Ngao

Nembo zilianza kutumika kwa utaratibu katika karne ya 12, wakati ambapo mpiganaji aliyejifunika kwa chuma hakuweza kutambulikana kwa sura yake. Ngao ndiyo iliyomtambulisha. Kwa kuwa ilipaswa kusomeka kwa mbali, kanuni zake zilikuwa kali. Zipo metali mbili, dhahabu na fedha, ambazo aghalabu huchorwa kwa manjano na nyeupe; na zipo rangi, hasa nyekundu, buluu, nyeusi na kijani. Kanuni kuu ni kwamba rangi haiwekwi juu ya rangi, wala metali haiwekwi juu ya metali. Kama zilivyo mizani na vina katika ushairi wa kimapokeo, kanuni hii haikumfunga mikono msanii. Ilimpa mipaka ya kubunia.

Ndani ya mipaka hiyo, tofauti ndogo ilizaa maana kubwa. Ngao ya Askofu Mkuu wa Trier ni msalaba mwekundu juu ya fedha. Ya Askofu Mkuu wa Köln ni msalaba mweusi juu ya fedha. Umbo ni lile lile na uwanja ni ule ule, lakini rangi moja ikibadilika tunahama himaya. Ni sawa na maneno "pata" na "bata", yanayotofautishwa na sauti moja pekee.

Vichwa vya Tai

Nembo ya kaisari ilikuwa tai mweusi juu ya uwanja wa dhahabu. Tai alikuwa amebebwa na majeshi ya Roma ya kale, na kwa kumchukua, makaisari wa Ujerumani walidai kuwa wao ndio warithi wa Roma. Mwanzoni tai huyu alikuwa na kichwa kimoja. Tai wa vichwa viwili alianza kuonekana katika karne ya 13, lakini ni Sigismund, aliyetawazwa kuwa kaisari mjini Roma mwaka 1433, aliyemweka rasmi katika muhuri wake wa kikaisari.

Kuanzia hapo idadi ya vichwa ilipata maana ya kisarufi. Aliyechaguliwa lakini hajawa kaisari aliitwa Mfalme wa Warumi, na tai wake alikuwa na kichwa kimoja. Akishakuwa kaisari, tai huota kichwa cha pili. Twaweza kusema kwamba kichwa hicho kilifanya kazi ya kiambishi: mzizi haukubadilika, lakini cheo kilibadilika. Isitoshe, nyuma ya kila kichwa palichorwa duara la nuru kama lile la watakatifu, nalo lilitangaza kwamba dola lenyewe ni takatifu, hata kama anayelitawala si mtakatifu.

Mabawa: Wanachama wa Dola

Ikiwa vichwa vilisema juu ya kaisari, mabawa yalisema juu ya wanachama. Mwaka 1510 msanii Hans Burgkmair wa Augsburg alitoa picha ya tai wa vichwa viwili ambaye manyoya yake yamepangwa ngao 56. Picha ilielezwa kuwa ni ya Dola Takatifu la Kirumi pamoja na viungo vyake. Juu kabisa zipo ngao za wakuu wateuzi pamoja na moja ya Roma. Chini yake ngao zimepangwa nne nne: watemi wanne, makabaila wanne, mashujaa wanne, miji minne, vijiji vinne, na hata wakulima wanne.

Msomaji makini atashtuka akiyasoma majina. Bamberg na Ulm zinaitwa vijiji. Köln, mojawapo ya miji mikubwa kabisa ya Ujerumani wakati huo, imewekwa miongoni mwa wakulima. Ni wazi kwamba picha hii haikukusudiwa kuwa orodha ya watawala wala ramani ya mamlaka. Ilikuwa sitiari. Ilisema kwamba dola ni mwili, kwamba kila tabaka ni kiungo, na kwamba tai asiye na manyoya haruki. La kuzingatiwa zaidi ni kifua cha tai huyo: hapana ngao ya ukoo wowote pale. Pana Kristo msalabani.

Wateuzi na Vyombo vya Karamu

Miongoni mwa wanachama, walioheshimiwa zaidi ni wale waliomchagua kaisari. Hati ya mwaka 1356 iitwayo Bulla ya Dhahabu, kutokana na muhuri wake wa dhahabu, iliwataja saba: maaskofu wakuu wa Mainz, Trier na Köln, Mfalme wa Bohemia, Mkuu wa Palatinate ya Rhine, Mtemi wa Saksonia na Mkuu wa Brandenburg. Simba wa fedha mwenye mikia miwili alikuwa wa Bohemia. Simba wa dhahabu juu ya nyeusi, wa Palatinate. Tai mwekundu, wa Brandenburg. Gurudumu la fedha, la Mainz.

Aidha, kila mteuzi alikuwa na kazi ya heshima katika jumba la kaisari, na kazi hizo nazo zikaingia katika ngao. Saksonia, iliyobeba upanga wa kaisari, iliweka panga mbili nyekundu zilizopishana. Brandenburg, mtunzaji wa chumba chake, iliweka fimbo ya dhahabu. Mwaka 1623 Friedrich V wa Palatinate aliponyang'anywa uteuzi wake, cheo hicho kilihamishiwa Bavaria pamoja na kazi ya kusimamia meza ya kaisari, ambayo alama yake ilikuwa tufe la dhahabu. Kupoteza alama kulikuwa ni kupoteza kura. Kwa upande mwingine, Hanover ilipokuwa mteuzi wa 9, alama yake ikawa taji la Karolo Mkuu. Na mtawala wake alipokuwa Mfalme George I wa Uingereza mwaka 1714, taji hilo likaingia katika nembo ya Uingereza yenyewe. Zile panga za Saksonia nazo zingali hai: ndizo chapa ya vyombo vya kauri vya Meissen hadi leo.

Miji Iliyojificha Chini ya Bawa

Miji haikuachwa nyuma. Mji uliokuwa huru chini ya kaisari moja kwa moja, usio na mtemi wala askofu wa kuutawala, ulipenda kumchora tai katika nembo yake. Lübeck, iliyopata uhuru huo mwaka 1226, ilimtumia tai wa vichwa viwili mwenye ngao nyeupe na nyekundu kifuani. Frankfurt ilimgeuza tai kuwa mweupe juu ya nyekundu. Genève ilimkata nusu na kumwekea ufunguo wa Mtakatifu Petro ubavuni, kwa kuwa historia yake iligawanyika baina ya kaisari na askofu. Hapa tai hasemi, "Kaisari anatutawala." Anasema, "Hapana mwingine anayetutawala." Kiashiria ni kimoja, lakini kinywani mwa mdogo kimekuwa ngao halisi ya kujikinga na jirani mwenye nguvu.

Kifua: Mahali pa Ukoo

Sasa tufike mahali ambapo leso ingekuwa na mji wake, yaani katikati. Tulimwona Burgkmair akiweka msalaba hapo. Makaisari wenyewe waliweka ngao ya ukoo wao. Habsburg waliweka nyekundu yenye mkanda mweupe ya Austria, wakaiongezea ngao za nchi walizorithi na kuoa. Kwa kaisari mmoja mmoja jambo hili halina ubaya. Ni kama sahihi chini ya hati. Lakini sahihi ileile ikirudiwa kwa miaka 300, watu huanza kuidhani kuwa ni hati yenyewe.

Mwaka 1740 Karl VI alifariki bila mtoto wa kiume. Binti yake Maria Theresia aliweza kurithi Austria, Hungaria na Bohemia, lakini mwanamke hakuweza kuchaguliwa kuwa kaisari. Mwaka 1742 wateuzi walimchagua Karl VII wa ukoo wa Wittelsbach, na kifuani mwa tai kukatokea miraba ya buluu na nyeupe ya Bavaria. Katika majuma yaleyale ya kutawazwa kwake, majeshi ya Austria yaliuteka mji wake wa München. Tai alikuwa wake. Nchi ilikuwa mikononi mwa adui. Alipofariki mwaka 1745, aliyechaguliwa ni Franz wa Lorraine, mume wa Maria Theresia, na kifua kikabadilishwa tena.

Katika miaka hiyo mitano ndipo sarufi ya nembo inapojidhihirisha. Tai alibaki, ngao ya kifuani ikaja na kuondoka. Maaskofu walilijua hili siku nyingi, kwani kila askofu aliunganisha nembo ya jimbo na ya ukoo wake, na alipokufa, gurudumu la Mainz lilibaki huku alama za ukoo wake zikitoweka. Cheo ni dhamana, husema Waswahili, na mpangilio huu ulilisema jambo hilohilo kwa rangi.

Tamati ya Dola

Dhamana hiyo ilivunjwa na kaisari wa mwisho. Mnamo Agosti 1804, akimhofia Napoleon, Franz II alijitangaza Kaisari wa Austria, cheo cha kurithiwa, na akamchukua tai wa vichwa viwili kuwa nembo ya cheo hicho kipya. Tarehe 6 Agosti 1806 akalivua taji la Dola Takatifu, na dola likafa. Tai aliyekuwa wa kuchaguliwa akawa mali ya ukoo hadi mwaka 1918. Lile swali lilijibiwa hatimaye, lakini lilijibiwa kwa kuuondoa uchaguzi wenyewe.

Hitimisho

Nembo, basi, si taarifa ya hali ilivyo. Ni dai. Yafaa isomwe kama tunavyomsoma mhusika katika tamthilia: asemacho kipimwe kwa atendacho.

Wala somo hili si la Wazungu peke yao. Katika karne ya 19 sarafu ya fedha ya Maria Theresia ilitumika sana Zanzibar na pwani ya Afrika Mashariki, kama ilivyotumika Oman, Yemen na Uhabeshi. Ilikuwa miongoni mwa sarafu ambazo wenyeji wa pwani waliziita reale. Upande mmoja una sura ya malkia. Upande wa pili una tai wa vichwa viwili, na kifuani mwake ngao ya nchi za ukoo, Austria ikiwa katikati. Mwaka ulioandikwa ni 1780, mwaka aliofariki, na sarafu iliendelea kupigwa kwa mwaka uleule muda mrefu baada ya dola kuzikwa. Wafanyabiashara wengi waliikagua kwa makini, hata kuhesabu lulu zilizochorwa katika mapambo ya malkia, kabla ya kuipokea. Walichokikagua ni uhalali wa fedha, si uhalali wa kaisari. Tai yule alivuka bahari akiwa ameacha dai lake nyuma, akapewa maana nyingine na watu ambao hawakuwahi kuwa raia wake. Yeyote anayechunguza ishara za jamii yetu, ziwe za leso, za sarafu au za bendera, afaa aanze na swali hilo: nani anayedai, na nani anayesoma?