Mashine ya Kufulia Isiyotoa Maji

Mashine ya kufulia inapomaliza kazi huku maji yakibaki ndani, mtumiaji asiharakishe kununua pampu mpya. Mara nyingi pampu ni nzima, ila njia ya maji imezibwa na sarafu, kifungo au nyuzi za nguo.

Kwanza, zima mashine na uchomoe plagi kwenye soketi. Iwapo ilikuwa ikifua kwa maji ya moto, subiri yapoe. Maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi. Pili, kagua mpira wa kutolea maji, usiwe umepindika wala kubanwa ukutani. Tatu, tafuta chujio la pampu. Katika mashine nyingi zenye mlango wa mbele, chujio huwa chini, nyuma ya kifuniko kidogo. Weka beseni na matambara, kisha ulilegeze polepole ili maji yatoke kidogo kidogo. Lisafishe, ondoa uchafu uliosalia tunduni, ulirudishe na kulikaza barabara lisivuje.

Ijaribu mashine kwa programu ya kusuuza. Pampu ikiwa kimya, au ikinguruma pasipo kutoa maji, mwite fundi stadi. Mashine ikiwa bado ina dhamana, usiifungue skrubu, kwani waweza kuipoteza haki hiyo. Nenda kwa muuzaji pamoja na risiti. Fundi akibadilisha kifaa, dai kile cha zamani na stakabadhi ya malipo, upate kujua ulicholipia.