Gini kwenye msimbo: kweli au si kweli?

“Kipimo cha Gini ni cha mapato ya watu, kwenye programu hakina kazi.”
Si kweli. Kazi aliyoitoa mtakwimu Mwitaliano Corrado Gini mwaka 1912 ilihusu kutofautiana kwa idadi za kila namna. Hesabu yake haijali kama kinachogawanywa ni shilingi au mistari ya msimbo. Inauliza tu nani kachukua fungu gani. Sifuri maana yake wote wako sawa. Ikikaribia moja, mmoja kazoa karibu vyote.

“Wastani unatosha.”
Si kweli, na hapa ndipo timu nyingi hujidanganya. Chukua programu mbili, kila moja ina faili kumi na mistari 1,000. Ya kwanza ina mistari 100 katika kila faili. Ya pili ina faili tisa za mistari 20, na moja, tuseme ya malipo, yenye 820. Wastani ni 100 kote kote. Gini ya kwanza ni 0. Ya pili ni 0.72. Ukiifungua ile faili ya malipo utakuta kodi, punguzo, risiti na marejesho vimesukwa pamoja, na kila anayegusa kimoja anavunja kingine. Wastani hauioni kabisa. Na programu halisi nyingi hufanana na hii ya pili kuliko ya kwanza, kwa hiyo ripoti yenye wastani peke yake mimi siiamini.

“Gini ndogo, programu nzuri.”
Si kweli. Faili kumi zenye mistari 5,000 kila moja zinatoa sifuri safi, na bado hazisomeki. Zidisha kila faili mara mbili, Gini haisogei hata chembe. Inapima mgawanyo, ukubwa utafute kwingine.

“Gini ikiruka ghafla, kuna kitu kimetokea.”
Kweli. Mwaka 2009 Rajesh Vasa na wenzake walifuatilia programu huria za Java toleo baada ya toleo, wakaona namba hii kwa kawaida hubadilika kidogo sana. Ikiruka, kagua muundo. Lakini uliza kwanza kama kuna msimbo ulioandikwa na mashine: faili zake huwa kubwa mno na huipandisha Gini bila kosa la mtu.

“Kipimo cha Theil ni Gini kwa jina lingine.”
Si kweli. Kipimo cha Henri Theil, mwanauchumi Mholanzi, hugawanyika barabara katika mafungu mawili: tofauti iliyo baina ya vifurushi vya programu, na iliyo ndani ya kila kifurushi. Fungu la kwanza likiwa kubwa, kuna kifurushi kizima ambacho faili zake zimenenepa kuliko za wenzake. Likiwa la pili, usihangaike na vifurushi. Ingia ndani, tafuta faili moja moja.