Gari Linapoitwa "Huyu"

Kila mwaka ninapoanza kuwafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza upatanisho wa kisarufi, huitumia nomino "gari". Ni nomino yenye vituko. Asili yake ni Bara Hindi, na ilipoingia katika Kiswahili ikatiwa katika ngeli ya LI-YA: gari hili, magari haya. Walimu wa shule za upili wanajua fika jinsi watahiniwa wanavyopoteza alama kwa kuandika "gari hii imeharibika". Kosa hilo nimelizoea, na nakiri kwamba nimelisikia hata katika vyumba vya walimu. Lakini liko kosa jingine ambalo sijalikuta katika insha yoyote, nalo ndilo lililonisukuma kuandika makala haya. Mjomba wangu, aliyekuwa dereva wa serikali kwa miaka thelathini, hulizungumzia gari lake kwa ngeli ya A-WA. "Huyu hapendi kuamshwa kwa pupa," huniambia akiwa ameshika ufunguo. "Mwache kwanza ajipashe moto."

Gari lenyewe ni Mercedes-Benz la mwaka wa 1991, la aina ambayo mafundi wa Grogan jijini Nairobi huiita kwa nambari tu: 124. Mjomba alilinunua mwaka wa 2013, miaka mitatu baada ya kustaafu, kwa sehemu ya kiinua mgongo chake na fedha alizopata kwa kuuza kipande cha shamba. Kipande hicho ndicho kilicholeta zogo katika ukoo wetu, na nitakirejelea. Kwanza ningependa kulitazama neno, maana neno ndilo kazi yangu.

"Benz" ni jina la ukoo la Mjerumani Carl Benz, aliyeomba hataza ya gari lake la magurudumu matatu tarehe 29 Januari 1886. Wajerumani huitamka "z" hiyo kama "ts". Sisi tulilipata jina kwa njia ya Kiingereza, tukaifanya "z" ighune, kisha tukaongeza irabu mwishoni kwa sababu silabi zetu hupenda kuishia kwa irabu. Likazaliwa neno "benzi". Wanafunzi wangu hucheka ninapowaonyesha kwamba "benzi" na "penzi" ni jozi ya mlinganuo finyu: tofauti yao yote ni mghuno wa sauti ya kwanza. Ni sadfa tu, wala sitaki mtu ajenge nadharia juu yake, lakini ni sadfa ambayo ingemfurahisha mjomba.

"Mercedes" nalo ni jina la mtoto. Emil Jellinek, mfanyabiashara kutoka Austria aliyekuwa akiishi Nice, Ufaransa, aliagiza magari 36 kutoka kampuni ya Daimler mwaka wa 1900 kwa thamani ya mark 550,000, akataka yaitwe kwa jina la bintiye, Mercédès, aliyekuwa na umri wa miaka kumi. Gari lililobuniwa na Wilhelm Maybach kwa ajili ya agizo hilo liliyashinda mengine katika mashindano ya Nice mwezi wa Machi 1901, na mwaka uliofuata jina hilo likasajiliwa kuwa alama ya biashara. Jellinek mwenyewe alinogewa hata akalibadilisha jina lake mwaka wa 1903, akawa Jellinek-Mercédès. Sijui kisa kingine cha baba kuchukua jina la bintiye kwa sababu ya gari. Kampuni za Daimler na Benz ziliungana mwaka wa 1926, na majina hayo mawili yakakaa pamoja tangu hapo.

Huku kwetu jina hilo lilifanya kazi ambayo waasisi wake hawakuiwazia. Punde baada ya uhuru, katika miaka ya 1960, lilizuka neno "Wabenzi". Tazama jinsi lilivyoundwa. Magari ni mabenzi. Lakini ukiondoa kiambishi MA- na kutia WA-, unapata watu, tena watu wa kabila moja, kama Wakamba au Wameru. Waliolibuni, wawe nani, walikuwa wanaisimu kuliko wengi wetu wenye shahada. Kwa silabi moja walisema kwamba wamezuka watu wenye mila zao, wenye kuoana na kuzikana wao kwa wao, wasiojali wametoka bonde lipi wala mlima upi. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o ana hadithi fupi iitwayo "A Mercedes Funeral" katika mkusanyiko wake wa mwaka wa 1975, Secret Lives. Kichwa hicho pekee kinatosha kuonyesha kwamba msomaji wa wakati huo hakuhitaji kuelezwa gari hilo lilisimamia nini.

Hata hivyo, neno Wabenzi lina upungufu mmoja ambao umenikera kwa miaka mingi. Linamtaja aliyeketi nyuma. Aliyeshika usukani halimtaji. Ilhali kama kuna aliyelijua gari hilo, aliyelisikiza na kulipangusa kabla ya jua kuchomoza, ni huyu wa mbele. Mheshimiwa alilipenda mpaka lilipotoka jipya zaidi. Fasheni ilipogeuka, na ukubwa ukaanza kupimwa kwa magari marefu ya kwenda porini, Wabenzi walihama bila kuaga. Madereva hawakuhama.

Nimemdadisi mjomba mara nyingi mapenzi haya yalianzaje. Jibu lake halihusu kamwe fahari. Alianza kazi mwaka wa 1980, na magari matatu ya aina hiyo yakapita mikononi mwake. La katikati, yaani 124, ndilo lililomteka. Anasema siku ya kwanza hakulipenda. Usukani ulikuwa mkubwa mno, kanyagio la mafuta lilikuwa zito, na gari halikuondoka kwa ghafla kama alivyotaka. Lilimlazimisha kuwa mtaratibu. Baada ya miezi kadhaa akagundua kwamba akifika Mombasa hakuwa na maumivu ya mgongo, na kwamba bosi wake alikuwa akilala tangu Mtito Andei. Kwa dereva, abiria aliyelala ni cheti.

Kisha kuna mambo madogo, na hapa nilijifunza mengi. Nyota iliyosimama juu ya boneti, ambayo sisi tuliiona kuwa pambo la majivuno, yeye aliitumia kama shabaha: humwonyesha pua ya gari iko wapi katika njia nyembamba. Magurudumu ya mbele hukata kona kwa ukali hata gari refu namna ile likageuka mahali ambapo gari dogo hulazimika kurudi nyuma mara mbili. Kioo cha mbele kina waipa moja tu, iliyoundwa kwa ufundi wa kujirefusha na kujifupisha inapozunguka, ikapangusa asilimia 86 ya kioo. Mjomba hakuijua asilimia hiyo mpaka nilipomtajia. Alichojua ni kwamba katika mvua ya Limuru aliona pembe za kioo ambazo wenzake hawakuziona.

Na mlango. Ninyi mnaofundisha tanakali za sauti, tafuteni mlango wa gari hilo. Magari mengi hufungwa kwa "pa!" au "kacha!" Huu husema "du", chini, mara moja, kisha kimya. Mjomba huufunga kwa vidole viwili. Amewahi kumkemea mjukuu aliyeubamiza, na akamkemea kwa ngeli ile ile: "Unamwumiza!"

Liko jambo la usalama pia, ambalo madereva hulijua kwa njia ya kusikitisha. Mhandisi Béla Barényi alipata hataza mapema katika miaka ya 1950 kwa wazo lililoonekana kichekesho: kwamba ncha za gari zibonyee kwa urahisi wakati wa ajali ili chumba cha abiria kibaki imara. Wazo hilo lilitiwa katika magari ya kampuni hiyo mwaka wa 1959. Mjomba hajawahi kulisikia jina la Barényi. Lakini mwaka mmoja, karibu na Salgaa, alitoka mzima katika gari ambalo pua yake ilikuwa imekunjwa kama karatasi, na tangu siku hiyo hakutaka kusikia sifa za gari jingine. Tunaweza kuuita ukaidi. Mimi siwezi kumlaumu mtu kwa kulipenda lililomrudisha nyumbani.

Wala hayuko peke yake. Dereva mmoja wa teksi wa mjini Thessaloniki, Ugiriki, Gregorios Sachinidis, aliendesha benzi la dizeli la mwaka wa 1976, 240 D, kwa kilomita milioni 4.6, kabla ya kulikabidhi kwa makumbusho ya kampuni mwaka wa 2004. Huko Morocco, teksi kubwa za kwenda mji hadi mji zilikuwa mabenzi makuukuu ya dizeli kwa miaka mingi, zikibeba abiria sita waliobanana. Watu hao si Wabenzi. Ni wachuuzi wa mwendo, na mapenzi yao yana hesabu ndani yake: gari lililoamka leo ndilo litakaloleta unga kesho.

Nadhani hapo ndipo wanaouza magari hukosea wanapoeleza mapenzi haya. Matangazo yao husema kwamba mtu hulipenda gari kwa sababu halimsumbui. Nionavyo mimi, dereva hulipenda gari lililomsumbua akaweza kulituliza. Dereva wa kwanza wa safari ndefu katika historia ya magari alikuwa mwanamke, Bertha Benz, mkewe Carl, ambaye mwezi wa Agosti 1888 alitoka Mannheim pamoja na wanawe wawili, bila kumuaga mumewe, akaenda Pforzheim, mwendo wa zaidi ya kilomita 100. Njiani alizibua bomba la mafuta kwa pini ya kofia, akanunua mafuta katika duka la dawa mjini Wiesloch, na breki zilipokwisha akamwomba fundi wa viatu azitie ngozi. Aliporejea alijua kuhusu gari lile mambo ambayo aliyeliunda hakuyajua. Mjomba naye ana pini zake: kipande cha mpira kilichokatwa kwenye tairi, waya, chupa ya maji yaliyochemshwa. Kila kasoro ya gari lake anaijua kwa historia yake, kama tunavyowajua wanafunzi wetu wa zamani.

Mwezi wa Juni 2009, bajeti ilipotangaza kwamba magari ya mawaziri yasizidi ujazo wa injini wa sentimita za ujazo 1800, nilishangilia. Bado naamini uamuzi ule ulikuwa wa haki, maana nchi yenye watoto wanaosomea chini ya miti haina haki ya kununua injini kubwa. Ripoti iliyotolewa mwaka wa 2006 ilikuwa imekwisha kuonyesha kwamba serikali ilitumia karibu dola milioni 12 kwa magari ya kifahari kati ya Januari 2003 na Septemba 2004. Nilimpigia mjomba simu nikitarajia tushangilie pamoja. Alinyamaza kwa muda, kisha akauliza: "Na hayo ya zamani yatawekwa wapi? Yatanyeshewa?"

Basi alipouza kile kipande cha shamba, ukoo uliniteua mimi nikamkanye. Binti yake wa mwisho alikuwa bado chuoni, na karo ya muhula huo ilikuwa imelipwa nusu. Mkaza mjomba hakusema neno. Alinitengea chai na kutoka nje, nami niliujua uzito wa kimya kile. Nilikuwa nimeandaa hoja zangu kwa mpangilio, kama mhadhara: bei ya vipuri, unywaji wa mafuta, umri wa gari, majina ya watu waliofilisika. Mjomba alinisikiliza mpaka mwisho. "Mpwa wangu," akasema, "miaka thelathini nilifungua mlango wa nyuma watu wengine waingie. Nataka kuufunga wa mbele nikiwa naenda kwangu."

Sikuwa na jibu, na sina hata leo. Najua kwamba karo ilikamilishwa kwa harambee ya jamaa, na kwamba mimi ni mmoja wa waliochanga, na kwamba nilichanga kwa kinyongo. Najua pia kwamba binti huyo, ambaye sasa ni mwalimu, alipelekwa katika shule yake ya kwanza ya kazi ndani ya gari lile lile, na kwamba mkaza mjomba alikataa kupanda siku hiyo.

Likizo iliyopita mjomba, ambaye macho yake yameanza kufifia, alinipa ufunguo nimpelekee barua posta. Nilikwenda taratibu, nikiilenga nyota kwenye njia ya vumbi kama alivyonielekeza. Nilipopanda mlima wa mwisho mshale wa joto ulianza kupanda. Nikasimama kivulini, nikangoja, nikazungumza peke yangu kidogo. Niliporudi nilimkuta ameketi kibarazani, na mkewe kando yake akichambua maharagwe.

"Amekusumbua?" mjomba akaniuliza.

"Hakunisumbua," nikamjibu. "Alichoka kidogo mlimani, nikamwacha apumzike."

Mkaza mjomba aliinua macho kutoka kwenye ungo, akanitazama. "Hata wewe, mwalimu?" akasema, akarudia maharagwe yake.