Mlo juu ya mlima Zermatt: nani anakula faida?

KWA kawaida ukurasa huu hushughulika na bei za mazao, sarafu na hisa. Wiki hii tunapanda mlima. Tunakwenda Zermatt, kijiji cha jimbo la Valais kusini mwa Uswisi, kuangalia biashara ambayo kwa mgeni inafanana na wizi wa mchana: sahani ya viazi vya kukaanga inayouzwa kwa fedha ambayo kwetu ingelisha meza nzima.

Tukiichambua sahani hiyo, msomaji ataona kwamba viazi vina sehemu ndogo tu katika bei yake. Ataona pia kwamba mwenye jiko si lazima awe ndiye anayechuma zaidi.

KIJIJI CHENYEWE

Zermatt iko mita 1,608 juu ya usawa wa bahari, chini kidogo ya Nairobi. Lakini juu yake umesimama mlima Matterhorn wenye mita 4,478, na huo ndio mtaji wa kwanza wa kijiji. Mlima huo ulipandwa hadi kileleni kwa mara ya kwanza Julai 14, 1865, na kundi la Mwingereza Edward Whymper. Wakati wa kushuka, wanne kati ya saba walianguka wakafa. Habari hiyo ilienea Ulaya nzima, na badala ya kuwatisha watu ikawavuta. Treni ilifika kijijini mwaka 1891.

Leo wakazi hawafiki 6,000, lakini kwa mwaka wageni hulala huko zaidi ya siku milioni 2 ukijumlisha usiku wa kila mmoja. Magari ya petroli na dizeli ya wageni hayaingii kijijini. Mgeni huacha gari lake Täsch, kilomita 5 chini, akapanda treni. Ndani ya kijiji hutumika magari madogo ya umeme.

Mlo unaotafutwa na wengi lakini hauko kijijini. Uko juu zaidi, katika vitongoji vya nyumba za mbao nyeusi kama Findeln na Zum See, na katika vituo vya reli na kebo. Findeln, iliyo kwenye mita 2,100 hivi, ina migahawa yenye sifa kama Chez Vrony na Findlerhof. Mtu hupanda treni ya chini kwa chini hadi Sunnegga kwa dakika chache, kisha hushuka kwa miguu au kwa kuteleza kwenye theluji hadi mezani. Kwenye baraza hukaa huku Matterhorn ikiwa mbele yake.

WANAKULA NINI

Chakula chenyewe ni cha wafugaji. Kuna rösti, yaani viazi vilivyokwanguliwa na kukaangwa hadi vikashikana kama chapati nene, juu yake yai au nyama. Kuna raclette, jibini inayoyeyushwa kwa moto na kukwanguliwa juu ya viazi vya kuchemsha. Kuna nyama kavu ya Valais, na mkate mgumu wa nafaka ya rai ambao zamani uliokwa mara chache kwa mwaka na kuhifadhiwa kwa miezi. Mkate huo una jina linalolindwa kisheria tangu mwaka 2004. Mtu wa eneo jingine hawezi kuuza wake kwa jina hilo. Wafanyabiashara wa kahawa na viungo wanajua thamani ya ulinzi wa namna hiyo.

Halafu kuna fondue, jibini iliyoyeyushwa ndani ya sufuria na mvinyo mweupe, ambamo watu huchovya vipande vya mkate. Wengi huiona kuwa mila ya tangu zama za kale kwa Waswisi wote. Ukweli ni kwamba kuenea kwake nchi nzima ni kazi ya soko. Mwaka 1914 ulianzishwa Umoja wa Jibini wa Uswisi, chombo kilichopanga bei na kununua jibini ya wazalishaji. Tangu miaka ya 1930 umoja huo uliitangaza fondue kama chakula cha taifa ili jibini iishe maghalani. Umoja ulivunjwa mwaka 1999, lakini sufuria bado iko mezani.

SAHANI YA FRANKA 30

Sasa tuingie jikoni na kalamu. Tuchukue, kwa mfano wa hesabu tu, sahani ya franka 30, bei ambayo haiko mbali na hali halisi ya milimani.

Serikali hula kwanza. Kwa viwango vilivyoanza Januari 1, 2024, kodi ya ongezeko la thamani kwa chakula kinacholiwa mezani ni asilimia 8.1. Chakula hicho hicho kikifungwa na mteja akaenda nacho, kodi ni asilimia 2.6. Katika franka 30 za mezani, kodi ni franka 2.25.

Tuseme viazi, jibini, mafuta na usafirishaji vinakula franka 9. Zinabaki franka 18.75. Hapo ndipo mishahara inapoingia. Sekta ya hoteli na migahawa ya Uswisi ina mkataba wa pamoja wa kazi kwa nchi nzima. Mwaka 2024 mkataba huo ulimpa hata mfanyakazi asiye na mafunzo zaidi ya franka 3,600 kwa mwezi, pamoja na mshahara wa 13 mwishoni mwa mwaka na wiki tano za likizo. Mgahawa wenye watu 10 wa kima hicho cha chini unahitaji franka 36,000 kwa mwezi. Ukiongeza sehemu ya mshahara wa 13 ni franka 39,000, yaani franka 1,300 kila siku.

Gawanya 1,300 kwa 18.75. Mwenye mgahawa lazima auze sahani 70 kabla hajalipa pango, umeme, riba ya benki wala yeye mwenyewe kupata senti. Na mpishi mwenye ujuzi hakubali kima cha chini.

Tena sahani hizo 70 haziuzwi kutwa nzima. Mteja hupanda asubuhi na lazima ashuke kabla kebo ya mwisho haijafungwa alasiri. Biashara iko kwenye saa mbili au tatu za mchana, zamu mbili za walaji kama mambo ni mazuri. Ndiyo maana migahawa yenye sifa hudai uweke nafasi mapema, na ndiyo maana meza ya saa sita ikichelewa kuinuka, mhudumu huanza kuzunguka karibu yake.

Juu zaidi gharama hupanda pamoja na mwinuko. Kwenye hoteli ya Gornergrat, iliyo mita 3,100, maji huchemka kwa nyuzi 90 hivi badala ya 100, kwa hiyo viazi hukaa jikoni muda mrefu zaidi na umeme hulipwa zaidi. Kila gunia hupandishwa kwa treni, kebo au trekta la theluji. Vibanda vya mbali huletewa mizigo kwa helikopta. Na taka zote lazima zishuke tena, nazo hulipiwa.

UPEPO NA THELUJI

Hatari kubwa ya biashara hii haimo ndani ya jiko. Upepo ukivuma kwa nguvu, kebo husimama na baraza hubaki tupu, lakini zile franka 1,300 za mishahara zinahesabika kama kawaida. Januari 2018 theluji na hatari ya maporomoko vilifunga barabara na reli, na watalii wapatao 13,000 wakakwama Zermatt. Baadhi yao waliondolewa kwa helikopta.

Somo kubwa zaidi lilitolewa na ugonjwa wa korona. Katika majira ya baridi ya 2020/21 Uswisi iliacha kebo ziendelee kubeba watelezaji, lakini kuanzia Desemba 22, 2020 migahawa nchini iliamriwa kufungwa. Viti vya nje viliruhusiwa tena Aprili 19, 2021. Kwa karibu miezi minne abiria walipanda, wakalipa nauli, wakala chakula cha kufungiwa wakiwa wamesimama kwenye theluji. Mwenye kebo aliingiza fedha. Mwenye meza alingoja fidia.

SARAFU INAPOPANDISHA BEI

Mwenye mgahawa wa Zermatt anaweza kupandisha bei bila kugusa orodha yake ya vyakula. Septemba 2011 Benki Kuu ya Uswisi ilitangaza kwamba haitaruhusu euro ishuke chini ya franka 1.20. Januari 15, 2015 iliuondoa ukuta huo ghafla. Kwa Mjerumani, sahani ya franka 30 iliyokuwa euro 25 ikakaribia euro 30. Hakuna kiazi kilichoongezwa. Mwaka 2024, kwa muda mwingi euro moja haikupata hata franka moja.

Na mshindani hayuko mbali. Eneo la kuteleza la Zermatt limeunganishwa na Breuil-Cervinia upande wa Italia. Mtelezaji mwenye tiketi ya pande zote mbili huvuka mpaka saa sita, akala tambi kwa euro, akarudi kulala Uswisi. Tangu Julai 2023 hata asiyeteleza anaweza kuvuka kwa kebo, akipitia kituo cha Klein Matterhorn, mlima wenye mita 3,883.

Mpakani hapo kuna mgahawa ambao umezishughulisha serikali mbili. Rifugio Guide del Cervino ulijengwa mwaka 1984 kwenye ardhi ya Italia. Mpaka hapo hufuata mstari unaogawa maji ya pande mbili, na barafu ilipoyeyuka mstari ukahama, hadi sehemu kubwa ya jengo ikaangukia upande wa Uswisi. Swali la kodi ya nani na sheria ya nani likaibuka mezani. Wajumbe wa pande mbili walikubaliana mwaka 2021 kurekebisha mpaka ili jengo libaki Italia, na serikali ya Uswisi iliidhinisha mabadiliko hayo Septemba 2024.

MWENYE NJIA

Basi faida inakwenda wapi? Tazama nani ana njia. Hakuna mteja anayefika mezani bila kwanza kulipa nauli, ila mwenye miguu imara. Reli ya Gornergrat, iliyofunguliwa mwaka 1898, iko chini ya kampuni ya BVZ Holding, ambayo hisa zake zimeorodheshwa katika soko la hisa la Uswisi. Kebo nyingi ni za Zermatt Bergbahnen, kampuni iliyoundwa mwaka 2002 kwa kuunganisha kampuni za awali. Hisa zake hazimo katika soko hilo kubwa.

Wenyeji waliliona jambo hili mapema. Katikati ya miaka ya 1850 mtengeneza sabuni aitwaye Alexander Seiler alikuja kijijini, akachukua nyumba ndogo ya wageni na kuifanya hoteli Monte Rosa. Alifanikiwa sana. Mwaka 1871 aliomba uraia wa kijiji, ambao humpa mtu haki katika misitu na malisho ya jumuiya. Wenyeji walimkatalia, na kesi hiyo ilivutana hadi mwaka 1889 alipopata haki yake kwa nguvu ya serikali kuu.

Wakati huo huo jumuiya ya wenyeji, iitwayo Burgergemeinde, iliamua kushindana naye. Mwaka 1879 ilifungua hoteli yake yenyewe, Zermatterhof, iliyojengwa kwa nguvu za wanakijiji. Leo jumuiya hiyo bado ina hoteli hiyo, ile ya Riffelberg na ile ya Gornergrat juu kabisa, na ni miongoni mwa wenye hisa wakubwa wa kampuni ya kebo. Kwa hiyo wana ardhi, wana sehemu ya njia, na wana baadhi ya meza. Mwaka ambao jiko linapata hasara, nauli inaweza kuziba pengo. Mwenye mgahawa wa kupanga hana mto wa kuegemea kama huo.

USHAURI KWA MSOMAJI

Kwa anayekwenda huko kwa safari ya kazi au matembezi: weka nafasi mapema na uliza saa ya kebo ya mwisho kabla hujaagiza. Nunua kadi ya nusu nauli ya reli za Uswisi ikiwa utasafiri sana, kwani hupunguza nusu ya nauli hata ya Gornergrat. Uliza bei ya maji, maana hata ya bomba huweza kulipishwa. Usihangaike na bakshishi kubwa, kwani malipo ya huduma yamo ndani ya bei tangu mwaka 1974. Kuongeza franka chache kunatosha.

Kwa anayefikiria kuweka fedha katika utalii wa mlima, wa kisiwa au wa hifadhi, popote pale: sifa ya chakula isikupumbaze. Uliza kwanza kuna njia ngapi za kumfikisha mteja mezani, nani anazimiliki, na siku ngapi kwa mwaka zinafungwa. Kisha piga hesabu ya sahani ngapi lazima ziuzwe ili kulipa mishahara ya siku moja. Ikiwa njia ni moja na si yako, dai hisa ndani yake, au mkataba wa pango unaoshuka siku njia inapofungwa. Ukikosa vyote viwili, fedha yako ina mahali pengine pa kwenda.