Roma kwa Pesa Kidogo: Kweli ni Ipi, Porojo ni Ipi?

Mtu wa Makongeni akisema anaenda Roma, washauri hujitokeza kabla hajataja tarehe. Wengi wao hawajavuka hata Malaba, lakini bei zote za Ulaya wanazijua. Bila shaka umewasikia. Hebu tuyapime maneno yao.

"Kuna wakala anauza viza ya uhakika." Uongo mtupu. Viza hutolewa na ubalozi, na wakala hana sauti katika uamuzi huo. Tangu Juni 2024 ada ya viza ya Schengen kwa mtu mzima ni yuro 90, na ukinyimwa hurudishiwi. Utadaiwa pia bima ya safari yenye fidia isiyopungua yuro 30,000. Usishtuke, hicho ni kiwango cha fidia, si bei ya bima. Ukiongeza na nauli ya ndege, pesa nyingi itakuwa imekutoka ukiwa bado Nairobi.

"Beba chakula chako, kule kila kitu ni ghali." Nusu kweli, na nusu iliyobaki itakuponza. Abiria anayetoka kwetu haruhusiwi kuingiza nyama wala maziwa katika Umoja wa Ulaya, hata nyama iwe imekaushwa au kukaangwa. Ile aliyokufungia shangazi itaishia forodhani. Matunda nayo yanahitaji cheti cha afya ya mimea, isipokuwa aina tano: nanasi, nazi, ndizi, tende na durian. Embe hapana, ndizi sawa. Unga wa ugali hauna shida hiyo, ila utafute malazi yenye jiko.

"Maji ya kunywa lazima ununue." Si kweli hata kidogo. Roma ina mabomba ya chuma yaitwayo nasoni, zaidi ya 2,000, yaliyoanza kuwekwa miaka ya 1870. Maji yake ni safi, baridi na ya bure. Ukiziba mdomo wa bomba kwa kidole, maji yanaruka juu kupitia tundu dogo lililo mgongoni mwake, unakunywa bila kupiga magoti. Aliyezoea kupanga mitungi kwenye foleni huangalia kwanza kama kuna anayekusanya pesa. Hayupo.

"Kahawa ya Roma ni ya matajiri." Si kweli, mradi usikae. Mikahawa mingi huwa na bei ya kaunta na bei ya meza, na karibu na vivutio ya meza huweza kuwa maradufu. Kunywa ukiwa umesimama, kama uji wa kibandani.

"Bila tiketi huoni kitu." Si kweli, na hili ndilo linaloniudhi zaidi. Basilika la Mtakatifu Petro halina kiingilio, ni foleni ya ukaguzi tu. Kando ya Colosseum kuna Tao la Konstantino. Hapo ndipo Abebe Bikila wa Ethiopia alipomaliza mbio za marathoni za Olimpiki usiku wa 10 Septemba 1960, miguu mitupu, akatwaa dhahabu. Kulitazama ni bure. Tembea kidogo hadi makao makuu ya FAO: mbele yake ulisimama mnara wa Aksum, ulioporwa Ethiopia mwaka 1937 na kurudishwa kwao 2005. Mwafrika atakayepiga picha Colosseum tu na kuondoka amejipunja.

"Fikia kwa jamaa." Kweli, wazee hawakukosea, maana malazi hula pesa nyingi. Ila sheria ya Italia inamtaka mwenyeji wako aarifu polisi kwa maandishi ndani ya saa 48. Mkumbushe mapema.

"Funga pesa kiunoni kama nyanya." Kweli tupu. Basi nambari 64, linalotoka stesheni ya Termini kuelekea Vatikani, lina sifa mbaya ya wezi wa mifukoni. Aliyepita Muthurwa jioni hahitaji somo zaidi. Na tiketi ya karatasi igonge kwenye mashine mara unapopanda: usipoigonga utatozwa faini, hata kama uliinunua.