Opera ya Mbagala: Nani Atatunga Maneno? (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita nilieleza kuwa opera ni mchezo wa kuigiza ambamo wahusika huzungumza kwa kuimba. Leo nauliza nani atatunga maneno, iwapo opera mpya itazaliwa Mbagala, Tandika au Mwananyamala, jijini Dar es Salaam. Kawaida msanii huandika kila kitu peke yake, kisha huwaita wananchi waje kuitikia. Huko si kushirikisha watu.

Tazama Kamiriithu, karibu na Limuru, Kenya. Mwaka 1977 waandishi Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ walipeleka rasimu ya mchezo wao, Ngaahika Ndeenda, kwa wanakijiji, wakulima na vibarua. Mazoezi yalifanyika hadharani, na yeyote aliweza kusahihisha. Wazee waliwakatalia waandishi: mzee hasemi hivyo. Gĩtiiro, majibizano ya harusi yanayoimbwa mwanzo hadi mwisho, waliandikishwa neno kwa neno na mama mmoja wa kijijini asiyejua kusoma. Hapo ndipo opera ilipo, na aliyeitunga hakushika kalamu. Wanakijiji walijijengea ukumbi wa wazi wa watu wapatao 2,000. Serikali iliuzuia mchezo Novemba mwaka huo huo, Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini, na mwaka 1982 ukumbi ukabomolewa.

Kwetu Tanzania pia, mwanzoni mwa miaka ya 1980, Amandina Lihamba, Penina Muhando na Eberhard Chambulikazi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walifanya kazi ya namna hii Malya, mkoani Mwanza.

Dar es Salaam haianzii patupu. Ngoma ya mdundiko ikipita mtaani, anayetaka huingia. Miaka ya 1990, vikundi vya taarab vya TOT na Muungano viliposhindana kwa mipasho, mama aliinuka kitini kwenda kutuza ubeti uliomgusa, na kwa noti ile mkononi akamjibu hasimu wake mbele ya ukumbi mzima. Kwangu mimi huo ni uigizaji kamili. Mtunzi wa opera angeanza kwa kukaa na mama huyo, na kijana wa singeli wa Tandale, na kungwi, kabla hajaandika sauti hata moja. Mazoezi yafanyike kiwanja cha mtaa, jioni, watu wakitoka kazini, wala si ukumbi wa mjini unaodai nauli mbili.

Kisha, maneno ya kungwi yakiingia jukwaani, malipo ni ya nani? Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inagusa jambo hilo, nami nitaichambua wiki ijayo.