Jicho Zima Lisiloona

Wako wanaodhani kuwa jicho likiwa zima, kuona kutakuja kwenyewe. Mabingwa David Hubel na Torsten Wiesel, waliokutana Baltimore, Marekani, mwaka 1958 na kushirikiana kwa miaka zaidi ya ishirini, walithibitisha kuwa sivyo.

Walishona kope za jicho moja la mtoto wa paka kwa miezi yake mitatu ya kwanza. Walipozifungua, jicho lilikuwa zima lakini halikuona. Ubongo, ulipokuwa ukijijenga, ulilisahau ukalitumikia lile jingine tu. Paka mzima aliyefanyiwa vivyo hivyo hakudhurika. Wapenda wanyama walichukizwa, nasi hatuwalaumu.

Habari hizo zilitangazwa mwaka 1963, na Tuzo ya Nobel ikafuata mwaka 1981. Lakini sisi twaitazama hospitali. Zamani mtoto aliyezaliwa na ugonjwa wa mtoto wa jicho mara nyingi aliachwa akue kwanza ndipo apasuliwe. Siku hizi hupasuliwa katika miezi michache ya kwanza, maana ubongo haungoji. Basi mzazi aonaye weupe katika mboni ya mwanawe mchanga, na ampeleke kwa daktari wiki hii hii, asingoje mavuno wala mshahara.